Wimbo Aliopewa Ng'ombe

Katika parokia ya Sainte-Ludivine, juu kwenye milima ya Charlevoix mkoani Québec, kila mtu alijua kwamba Wimbo wa Rougette ulitungwa na ng'ombe. Watoto walilijua hilo kabla ya kuijua vizuri Salamu Maria. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa hajakubali, naye ni Délima Bouliane, na kwa kuwa alikuwa hajakubali kwa miaka thelathini na ushee, watu walimhesabu kuwa mwanamke mwenye nyongo.

Nyongo alikuwa nayo, wala hakuna haja ya kumtetea. Lakini nyongo haiji bure, na yake ilikuja hivi.

Baba yake, Onésime Bouliane, alikuwa mpiga fidla wa parokia. Kwa marehemu baba yake alirithi wimbo mmoja wa mwendo, aina ile isiyo na maneno, inayopigwa watu wakitembea kwa hatua nyuma ya mpigaji: kumtoa bibi harusi kwao mpaka kanisani, kumpokea padri mpya, kuwapanga wachezaji kabla dansi haijachanganya. Wimbo huo ulikuwa na kipande kimoja tu, kifupi, kinachojirudia kama mbwa anayefukuza mkia wake. Ukipigwa kutoka nyumba ya mbali, bibi harusi alifika kanisani ameshachoka kuolewa.

Délima wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitano. Mama yake alikwisha kufariki, na ng'ombe walikuwa mikononi mwake. Asubuhi moja ya Januari, baridi imekaza hadi mbao za zizi zinalia, alikaa ubavuni mwa ng'ombe wao Rougette akikamua, na ili vidole visigande akawa anauimba ule wimbo wa nyumbani kwa ulimi, tam-ti-delam, kama wafanyavyo wanawake wa kule wasipokuwa na fidla. Alipofika mwisho wa kipande hakurudi mwanzo. Alikuwa amechoka kurudi mwanzo. Akasonga mbele, akapanda juu, akazunguka, akashuka, na hapo kipande cha pili kikawa kimezaliwa. Sasa Rougette alikuwa na tabia ya kuinua mguu wa nyuma ndoo inapokaribia kujaa. Délima akaivuta ndoo upesi, sauti akaishikilia hewani, mguu ulipotua akaendelea. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Ndiyo maana wimbo ule una pigo moja lililozidi katikati ya kipande cha pili, mahali ambapo mguu wa mtu anayetembea hubaki juu bila kujua utue lini. Mchango wa ng'ombe ulikuwa huo. Teke moja, tena halikumpata mtu.

Onésime alikuwa mlangoni na uma wa nyasi mkononi. Alisikiliza, akaenda zake. Jioni kipande kilikuwa kwenye fidla, pamoja na pigo lake lililozidi. Wiki iliyofuata akakipiga kwenye harusi, bibi harusi na bwana wake na ukoo mzima nyuma yake kwenye theluji, na kila walipofika kwenye lile pigo mstari mzima uliyumba, mabega yakagongana, watu wakaangua kicheko. Hawakuwahi kufurahia kwenda kanisani namna ile. Nyumbani kwa bwana harusi mtu akauliza, "Onésime, umeutoa wapi wimbo huu?"

Onésime alikuwa na glasi mkononi na watu wote waliojaa jikoni wanamtazama. Akasema, "Nimepewa na ng'ombe wangu Rougette."

Délima alikuwa amesimama karibu na jiko la kuni, sahani ya pai ya nyama mikononi. Alingoja baba amalizie: Rougette, wakati binti yangu akimkamua. Baba hakumalizia. Watu walicheka hadi mmoja akaanguka juu ya pipa la maji, na mzee akaona kwamba amepata kitu kitamu kuliko fidla yenyewe.

Tangu hapo hadithi ikanenepa kila mwaka. Mara Rougette alikataa wimbo upigwe bila yeye kuongezewa shayiri. Mara alimrekebisha Onésime kwa mkia alipokosea. Mtu akitaka kumwona Délima akisaga meno, ilitosha kumwomba baba yake asimulie wimbo ulikotoka. Na hakuweza hata kuondoka asisikie. Onésime aliwahi kuangukiwa na gogo kwenye kambi ya wakata miti, goti likafa, naye mpiga fidla wa kule asipopiga miguu sakafuni ni nusu ya mpiga fidla. Basi Délima ndiye aliyekaa kiti cha pembeni na kumpigia miguu, kisigino na kidole, kisigino na kidole, harusi baada ya harusi. Watu walimwita "miguu ya Onésime". Walikuwa na fidla ya Onésime, miguu ya Onésime na ng'ombe wa Onésime. Délima mwenyewe hakuwa na mahali.

Alijaribu. Alimwambia padri wa wakati ule, naye akamshauri unyenyekevu, kisha akashindwa kujizuia akauliza kama ng'ombe huyo alikuwa amebatizwa. Alikuwa na mchumba, Eugène, kijana wa watu, mchapakazi. Siku ya kuja kuongea na baba mkwe, Eugène aliomba hadithi ya ng'ombe, akacheka mpaka machozi, kisha akamgeukia Délima na kusema, "Huyo ng'ombe kakushinda hata wewe." Délima alimpa kofia yake na kumwonyesha mlango. Parokia ilisema amefukuza mume kwa sababu ya mzaha, na ilikuwa kweli.

Nyumbani alimkabili baba yake zaidi ya mara moja.

"Kwa nini husemi, Baba? Maneno mawili tu."

"Mwanangu, hadithi ikishakaa vizuri huigusi. Watu wanataka kucheka. Na kwani kuna ubaya gani? Kila mtu humu ndani anajua ni wewe."

"Humu ndani tupo wawili, Baba."

"Sasa si ndio hao wote?"

Ungefanya nini na mtu kama huyo? Ukikasirika, wewe ndiye usiyejua mzaha. Ukinyamaza, ng'ombe anaendelea kusifiwa. Ukimweleza jirani, jirani anakutazama kwa huruma, anasema, "Haya, Délima, haya," halafu anakwenda kumsimulia mkewe kwamba Délima sasa anagombania wimbo na ng'ombe aliyekwisha kuliwa.

Miaka ikaenda hivyo. Rougette alikwisha kuchinjwa, Onésime akazeeka, Délima akaota mvi. Vidole vya mzee vikaanza kukakamaa, vile viwili vya mwisho kwanza, na wimbo wenyewe ukaanza kuchukuliwa na wengine. Mwenye kuuchukua zaidi alikuwa Philias Dufour, jirani wa bonde la chini, mpiga kodiani mwenye kifua kipana na maneno mengi. Philias alilikata lile pigo. Alisema linawachanganya watu miguu, akaunyoosha wimbo ukawa kama barabara mpya ya serikali. Vijana waliupenda hivyo.

"Umeukata mguu wimbo wangu," Délima alimwambia siku moja nje ya kanisa.

"Wimbo wako?" Philias akapaza sauti ili wengine wasikie. "Jamani, Rougette kafufuka!"

Majira ya baridi ya mwaka huo, mtu wa redio kutoka mjini Québec, Bwana Lacoursière, alipita parokiani akitafuta wapiga fidla wazee. Alikuwa na mashine ya kunasa sauti kwenye utepe, na yote aliyoyanasa yangesikika mkoa mzima. Wakakubaliana aje Jumapili baada ya misa, kwa Onésime. Wiki hiyo Délima aliipitisha kwa moto wa jiko na wa moyoni. Siku ya kwanza tu, sahani zikiwa bado mezani, alisema.

"Baba, safari hii utasema. Usiposema, miguu sikupi."

Onésime akainua uso kutoka kwenye supu ya njegere. "Hunipi miguu? Mbele ya redio?"

"Utapiga kama kilema."

"Tabernakulo!" mzee akafoka, maana kule watu wakiapa huapa kwa vyombo vya kanisani, na Onésime alikuwa na sakristia nzima mdomoni. Lakini alimtazama binti yake kwa muda, akaona hatanii, tena akaona kitu kingine ambacho nadhani hakuwa amekiona miaka yote: kwamba hakuwahi kutania. Akaweka kijiko chini. "Nitasema. Kalisi na hostia, nitasema."

Kila jioni Délima alimkanda vidole kwenye beseni la maji moto, naye mzee akajifunza maneno yake kama mtoto wa komunyo ya kwanza: Kipande cha pili kilitungwa na binti yangu Délima, alipokuwa akikamua. Hayakumkaa. Mara aliweka kikohozi, mara alitaka kuongeza utani kidogo mwishoni, na Délima akamrudisha. "Bila utani, Baba." "Bila utani kabisa?" "Bila." Jumamosi aliyasema yote sawasawa, macho chini, kisha akamuuliza binti yake kwa sauti ya chini, "Ilikuuma sana?" Délima akachukua beseni akaenda kumwaga maji nje.

Jumapili jikoni mlijaa watu hadi kwenye ngazi. Watu walikalia kuni, walikalia mapipa, akina mama walipitisha peremende za malai ya maziwa. Philias Dufour alikuja na kodiani yake, eti anapita njia tu. Bwana Lacoursière aliiweka mashine mezani, akawaomba watu wasikohoe, akawaambia kwamba mkoa mzima utasikiliza, jambo lililowafanya wakohoe zaidi. Dereva wake alikaa karibu na dirisha akiangalia mawingu, kwa sababu mteremko wa Sainte-Ludivine ukipata theluji mpya haushukiki.

Wakapiga nyimbo kadhaa. Vidole vilitii. Miguu ya Délima ilikuwa mahali pake. Kisha mtu wa redio akasogeza kipaza sauti.

"Mzee Bouliane, sasa tunafika kwenye wimbo wako maarufu wa mwendo. Hebu waambie wasikilizaji. Asili yake ni nini?"

Watu wote jikoni wakainama mbele. Philias alikuwa ameshaanza kufungua mdomo kwa ajili ya kicheko, kama mtu anayeona kijiko kinakuja. Onésime alipangusa uta wa fidla kwa kitambaa, akaupangusa tena.

"Watu wanasema ulitungwa na ng'ombe," alisema.

"Rougette!" watoto kwenye ngazi wakaitikia.

"Si kweli. Haukutungwa na ng'ombe." Mzee akakikunja kile kitambaa. "Kipande cha pili kilitungwa na binti yangu Délima. Alipokuwa akikamua."

Kukawa kimya. Délima alikisikia kimya hicho, akahisi kifua kinafunguka, na kwa kitambo kidogo alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote milimani.

Halafu jikoni kukalipuka kicheko. Hawakuwa wamewahi kucheka hivyo. Mama mmoja alimwaga peremende sakafuni. "Mzee kaleta mpya!" watu wakapiga kelele. "Kamgeuza Délima kuwa ng'ombe!" Bwana Lacoursière alikuwa anafuta macho na mkono mwingine anazuia mashine isitikisike.

"Bora Rougette," Philias akasema, akiwa ameshika mbavu, "yeye walau hakuwa anapiga mateke!"

"Sifanyi utani!" Onésime akasema.

Wakacheka zaidi.

"Nasema kweli tupu! Tabernakulo... hostia! Mbele ya Mungu, ni Délima!"

Kadiri alivyoapa ndivyo walivyokufa kwa kicheko, kwa sababu hadithi zake zote za ng'ombe alizisimulia hivyohivyo, kwa kiapo na kwa uso mkavu. Hakuwa na uso mwingine wa kuonyesha. Délima alimtazama akihangaika, akageuka huku na huku kumtafuta mtu mmoja tu asiyecheka, na akampata: alikuwa yeye mwenyewe, Délima, na kwa huyo habari haikuwa mpya.

Mzee akasimama kwa goti lake baya, fidla kwapani.

"Basi sipigi. Mpaka aniamini mtu hapa, sipigi."

Na hilo nalo likawa utamu mtupu. Kule mpiga fidla ni lazima abembelezwe. Asiyekataa kwanza hana adabu. Wakamletea glasi. Wakamletea ya pili. "Tafadhali, Mjomba Onésime!" "Tunakuomba, tumepiga magoti!" Mmoja alipiga magoti kweli. Mzee aliisukuma glasi hadi ikamwagika, na watu wakapiga makofi.

"Bwana," dereva akasema kutoka dirishani, "theluji imeanza. Tukikaa sana tutalala huku."

Mtu wa redio akaangalia utepe wake. "Mzee, wimbo mmoja tu. Sitaweza kurudi baridi hii."

"Sipigi."

Hapo Philias akaivuta kodiani yake kutoka chini ya benchi na kufungua mkanda. "Msijali. Mimi ninao. Tena wangu umenyooka, hata mtu wa Montréal ataufuata."

Bwana Lacoursière akasita, akamtazama mzee, akageuza kipaza sauti kuelekea kodiani.

Délima alikuwa bado kwenye kiti chake. Nilishasema alikuwa na nyongo. Wakati huo ilimpanda hadi kwenye meno. Alimchukia Philias, alilichukia jiko lake mwenyewe na kila mtu aliyemo. Zaidi alimkasirikia baba yake, ambaye alichelewa miaka yote ile na sasa, alipoamua kuwa mkweli, amekuwa mkweli kwa ukaidi uleule wa Kibouliane, akijifungia na ukweli wake huku wimbo unaondoka mlangoni umekatwa mguu. Vidole vile havingefika baridi nyingine. Alijua, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akivikanda.

Philias akavuta upepo wa kwanza kwenye kodiani.

"Ni ng'ombe," Délima akasema.

Watu wakageuka.

"Bwana Lacoursière, rudisha hicho chombo huku. Ni ng'ombe. Mimi nilikuwepo, nilikuwa namkamua. Nilimsikia kwa masikio yangu haya." Sauti yake ilitoka shwari, nayo ikamshangaza. "Mwanzo hadi mwisho, ni Rougette. Baba anawatania. Kaa chini, Baba."

Kelele iliyofuata ilitikisa vyombo kwenye kabati. "Hata Délima!" walisema. "Hatimaye Délima kajua mzaha!" Mama mmoja alimkumbatia. Philias mwenyewe alifunga kodiani, akampigia makofi kwa heshima.

Onésime hakucheka. Alimtazama binti yake kama mtu aliyepigwa kofi mbele za watu. "Délima," alisema.

"Piga, Baba."

"Lakini mimi nimesema..."

"Piga!"

Akakaa. Akapiga. Sijui kama ni hasira au ni maji moto ya wiki nzima, lakini vidole vyake vilikwenda kama vya kijana, na walipofika kwenye lile pigo lililozidi alilining'iniza hewani, na Délima akalishusha kwa visigino vyote viwili hadi sindano ya kipimo cha sauti kwenye mashine ikaruka. Liliingia kwenye utepe zima. Mtu wa redio alishukuru, akakunja nyaya zake, gari likateremka mlima kabla ya theluji kuziba njia.

Wageni walipokwisha kuondoka, Délima alipasha supu, akamwekea baba yake. Mzee hakushika kijiko.

"Nilisema kweli," alisema. "Kwa mara ya kwanza. Wewe ndiye uliyenikana mbele ya watu wote."

"Ndiyo, Baba."

"Kwa nini? Miaka yote hii unaililia kweli hiyo, nimekupa, umeitupa."

Délima alikaa upande wa pili wa meza. Kwa hasira akamsogezea kijiko, ndipo akasema.

"Ungesema siku ile ya harusi, Baba. Kabla mtu hajacheka."

Onésime alifikiri. Alikuwa mzee sana jioni hiyo, na shati lake la Jumapili lilikuwa na doa la glasi aliyoimwaga. "Kesho nitakwenda kwa padri mpya," alisema. "Nitamweleza kila kitu. Nitasema, Padri, ule wimbo..."

"Padri naye atacheka, Baba. Kunywa supu."